Mbuzi wa Mkubwa wa Mishahara

Jua la Lodwar mwaka ule wa 1994 lilikuwa kali kama pilipili, lakini maisha ya Koplo Ereng yalikuwa makali zaidi. Miaka sita alikuwa amesindikiza magari kwenye barabara ya majambazi kule Kainuk, risasi zikimpita masikioni kama nyuki, na miaka sita mshahara wake ulikaa palepale huku bei ya unga ikipanda bila hata kupumzika! Kule Kakuma, mkewe Aregae alibeba kuni hadi kambini akabadilishana na mkimbizi mmoja, Nyabol, apate mahindi.

"Mumeo ana bunduki ya serikali na hana unga?" Nyabol humtania.

Aregae hucheka. Akifika nyumbani, kicheko kimekwisha.

Siku moja simu ya upepo ikaleta habari: mkubwa wa mishahara anatoka Nairobi kuja kuona kwa macho yake askari wanavyoishi. Akiona wanateseka, mishahara itapanda. Ereng akachaguliwa kuwasemea wenzake. Alifurahi hadi usingizi ukamruka!

"Tumpe maharagwe yetu haya yenye wadudu," akasema Sajini Mutinda, mtu wa Machakos. "Ale, aone."

"Hapana, afande! Kwetu mgeni halishwi shida. Na mtu mwenye njaa haambiwi maneno. Ashibe kwanza, ndipo atusikie."

"Koplo, huyo si mgeni. Huyo ni shahidi."

Sikio la Ereng lilikuwa limeziba. Akatuma ujumbe Kakuma, na Aregae akaja juu ya lori na mbuzi wao wa mwisho, yule aliyekuwa akimpa mtoto wao maziwa.

"Baba Epuyo, mtoto atakunywa nini?"

"Vumilia, mama. Mshahara ukipanda, tutanunua watano."

Basi mgeni akafika, tumbo limetangulia, mwenyewe akifuata. Akapewa mguu wa nyuma, heshima ya wazee. Akala, akatokwa jasho, akalamba vidole. Ndipo Ereng akasimama, akapiga saluti, akaeleza yote: maharagwe, miaka sita, kuni za mkewe.

Mkubwa alikuwa akichokoa meno. "Koplo, unanililia njaa na mdomo wangu bado una mafuta ya mbuzi wako? Mimi mwenyewe Nairobi sili hivi!"

Walinzi wake wakaangua kicheko. Ereng akaketi. Angesemaje kwamba ile nyama ilikuwa maziwa ya mwanawe? Mwenyeji hamhesabii mgeni alichokula.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Sajini Mutinda akaisoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu: askari wa Lodwar wanakula vizuri, nyongeza yao haina haraka. Maofisa wa makao makuu ndio wataongezwa.

Ereng akaomba ruhusa, akaenda Kakuma. Alimkuta mwanawe Epuyo, mbavu zinahesabika, akinywa chai ya rangi isiyo na sukari.

"Ejok," akamsalimia Aregae kwa Kiturkana, macho chini.

"Ejok. Wamesema nini?"

Akamwambia. Aregae hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu.

"Yule mtu, siku ile, alishiba?"

"Alishiba sana."

"Basi, mtu aliyeshiba ulitaka aisikie njaa yako kwa sikio lipi?"

Kweli kabisa, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.