Mpira wa Pili wa Mzee Mbonea

"Sifa haidaki mpira." Mmeisikia leo uwanjani mkacheka, eti ni maneno ya wachezaji tu. Haya, chekeni, lakini kaeni chini kwanza. Aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa binti ambaye hata hakuwa mchezaji, na mambo yalikuwa hivi.

Hapa Mbaleni mchezo wa besiboli uliletwa na mwalimu mgeni, ukatuganda. Una vituo vinne, na cha kwanza ndicho kiti cha moto: mpira mgumu kama jiwe unatupwa kwako, uudake kabla mkimbiaji hajafika. Kila Pasaka wachezaji wa zamani walikutana kubishana: nani alikuwa bora kuliko wote katika historia ya kituo cha kwanza? Na desturi ilikuwa kwamba atakayeshinda ubishi, kama yu hai, asimame kituoni atupiwe mipira mitatu na kijana wa timu.

Mwaka ule Nakiete alimshika mkono baba yake, Mzee Mbonea, mdakaji wa zamani wa kituo cha kwanza, wakaenda uwanjani. Watu walimsifu binti kwa adabu zake. Kumbe mzee haoni! Tangu mvua za vuli macho yalikuwa yameingia ukungu, akabaki na vivuli tu, na binti ndiye aliyemwekea kikombe cha chai mkononi.

"Ukisema, mama, umenivua nguo mbele za watu," mzee alimwambia. Nakiete akaapa kunyamaza.

Ubishi ukaanza.

"Marehemu Elifuraha ndiye baba lao!" alisema Fundi Kajiru. "Mguu kituoni, mkono umefika katikati ya uwanja!"

"Acha porojo," akajibu Mwalimu Msuya. "Elifuraha alitupiwa ndizi mbivu. Mbonea alidaka risasi! Nani hapa aliwahi kumwona akiangusha hata mmoja?"

Siku hiyo, katika nyumba nzima ya Mbonea, Nakiete peke yake alikuwa akimwombea Elifuraha ashinde. Wapi! Msuya alikuwa na mdomo, na watu wakapiga makofi. Mbonea akatangazwa bora.

"Baba, twende nyumbani," Nakiete akanong'ona. "Nakuomba."

"Nipe glavu," mzee akasema.

Akasimama kituoni. Kihiyo, kijana mwenye mkono mzito, akainua mpira. Watu wote wakanyamaza. Mzee akainamisha kichwa, akatega sikio. Mpira ukavuma, pa! ukaingia kwenye glavu.

Lo, uwanja ulilipuka! Vigelegele, mabati yakagongwa, "Mbo-ne-a! Mbo-ne-a!" Nakiete hakushangilia. Yeye aliliona lile sikio, akaelewa. Sasa katika kelele hizi baba atasikia nini? Kihiyo alikwisha kurudi nyuma hatua mbili ili aongeze nguvu.

"Usitupe!" Nakiete akapiga ukunga, akakivunja kiapo chake. "Usitupe, Kihiyo! Baba haoni!"

Sauti yake ikamezwa na jina la baba yake. Mzee alikuwa anatabasamu, glavu iko kifuani, akiusubiri mpira uliokwisha kutupwa. Ulimpata shavuni. Akaanguka chini asitikisike, na Nakiete akamkimbilia akijua moyoni kwamba ni yeye aliyemuua kwa ukimya wake.

Hakufa. Jioni, hospitalini, uso umefungwa bandeji, alipapasa hadi akaupata mkono wa binti yake.

"Mama," akasema kwa shida, "wa kwanza niliusikia ukija. Wa pili sikuusikia. Nilisikia jina langu tu."

Nje, kwenye benchi, wazee walikuwa wamekaa na aibu yao. Lakini mtu na mazoea yake! Msuya akashindwa kujizuia. "Hata hivyo," akasema, "bado ndiye bora wa wote."

Nakiete akatokea mlangoni, damu ya baba yake ingali kwenye kanga.

"Sifa haidaki mpira, jamani," akasema. "Nendeni nyumbani."