Aliyewasafisha Sungura

Mtu mmoja wa upande wa Same alikuwa na kamera, na nyuma ya nyumba yake ndipo nyika ilipoanzia. Jina lake Mbonea. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na za kipaimara, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa sungura. Msicheke. Kuna anayependa mpira, kuna anayependa siasa. Huyu alipenda sungura wa porini, wale wa kijivu wenye masikio marefu, wanaojikunyata chini ya vichaka vya miiba mchana kutwa na kutoka jua likikaribia kuchomoza. Kila alfajiri alilala kifudifudi kwenye vumbi, kamera mbele ya uso, akingoja. Mkewe, Namkunda, alimfungia kiporo cha makande, na akichelewa kurudi alisimama mlangoni akimtafuta kwa macho.

Sungura wa porini si sungura wa bandani. Huyu anaishi kwa kukimbizwa. Mtazame kwa karibu utaona sikio limechanwa na miiba, kupe wamejipanga ukingoni mwake, na ubavuni manyoya yameng'oka pale tai alipomkosa. Mbonea alipozifungua picha kwenye kompyuta aliyaona yote hayo yamekuzwa, yamejaa kioo, akaudhika. Alianza na kupe. Kompyuta ina brashi yake, isiyo na nywele wala rangi. Unaipitisha juu ya doa, na doa linageuka kuwa sawa na kilicho pembeni yake. Kupe wa kwanza akawa manyoya. Wa pili naye akawa manyoya. Mbonea akashusha pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba mguuni.

Kwa kupe mimi simlaumu. Nani anayempenda kupe?

Baada ya kupe likaja sikio. Alichukua kipande cha sikio zima akaziba lile lililochanika. Baada ya sikio, jicho lililoingia ukungu, akalitia mwanga. Picha zikapendwa. Zilitundikwa kwenye kuta za hoteli, kwenye ofisi ya usharika, kwenye sebule za watu ambao hawajawahi kukanyaga nyika hiyo ingawa waliiona kila siku madirishani. Watu walisema sungura wetu wamebarikiwa. Kompyuta ilipojaa, Mbonea alizifuta picha zote za mwanzo, zile zilizotoka kwenye kamera kama zilivyo, akabakiza zilizosafishwa. Alisema haoni sababu ya kutunza uchafu. Baadaye ikawa ndiyo desturi yake: akimaliza kusafisha, anafuta ya kwanza siku hiyo hiyo.

Kikaja kiangazi kirefu, na sungura wakaanza kuvimba. Uvimbe ulitokea chini ya taya, mdogo, kisha ukakua hadi ukaipinda shingo. Mbonea aliuona wa kwanza akaufuta. Akauona wa pili akaufuta. Mkono ukizoea kazi hauulizi tena, na wake ulikuwa umezoea. Aliweza kusafisha shingo nzima huku akimsimulia mkewe habari za msiba wa jirani.

Wafugaji ndio waliokuja kuuliza. Mbwa wao walikuwa wakileta sungura waliokufa, shingo zimejaa, na watu wengine walikuwa bado wanategea na kula. Wakamwambia, "Mbonea, wewe ndiye unayeshinda nao. Hawa wanyama ni wazima?" Aliwavutia viti, akafunga mapazia ili kioo kionekane vizuri, akawafungulia picha. Sungura baada ya sungura walipita mbele yao, shingo zimenyooka, macho yanang'aa, manyoya yamelala kama yamechanwa kwa kitana. Wafugaji waliona haya kwa kuwa wameuliza. Walishukuru, wakanywa chai, wakaenda zao, na mitego ikaendelea.

Nyika ikawa kimya. Zamani Mbonea akijongea, sungura walichomoka na kuacha vumbi tu; sasa hawakukimbia. Walikaa peupe juani, mchana, mbali na vichaka vyao, vichwa vimeelekea upande mmoja, wote wakimtazama. Aliwasogelea mpaka kivuli chake kikawafunika, nao hawakutikisa sikio. Mwanzoni nywele zilimsimama. Kisha akajiambia kwamba wamemzoea, kwamba wanyama nao humjua rafiki, akafurahi, kwa maana hakuwahi kupata picha zilizotulia namna ile.

Asubuhi moja alimkuta mmoja njiani. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje uzuri wake. Masikio yamesimama, jicho limejaa mwanga, hakuna kupe, hakuna jeraha, shingo imenyooka. Mbonea alipiga magoti akampiga picha mbele, ubavuni, kwa juu. Alitamani apate picha yake akikimbia, akapiga makofi. Sungura alitulia. Akamrushia kijiti, kikatua mgongoni na kubaki pale pale. Ndipo aliposikia nzi. Alisikia wengi, mvumo mzito kama wa machinjioni, lakini hakumwona hata mmoja. Kisha upepo uligeuka na harufu ikampiga usoni. Pua ilimwambia kwamba mnyama huyu amekufa siku nyingi. Macho yalimwambia kwamba anamtazama.

Mtu mwenye hofu ya Mungu angekimbilia nyumbani na kusema, nimepatwa na jambo. Mbonea alirudi nyumbani, akafungua picha ile, akatafuta cha kusafisha, hakukiona. Akafurahi! Alimwambia mkewe kwamba leo hakuna kazi, sungura wenyewe sasa wanakuja wakiwa safi.

Sasa sikilizeni habari ya Namkunda. Kila Jumapili baada ya ibada Mbonea alimsimamisha mlangoni akampiga picha, akamtumia binti yao Nanzia, aliyeolewa Tanga. Picha hizo nazo alizisafisha. Alianza na chunusi, akaenda kwenye makunyanzi, na Namkunda alicheka akasema mume wake anamrudisha usichana. Hakuna aliyeona ubaya, wala haukuwapo bado. Kisha chini ya taya la Namkunda kikatokea kitu kama punje ya kunde. Brashi ikapita. Jumapili nyingine ilikuwa kama yai la kware, na brashi ikapita. Sisemi ugonjwa ule ulitoka kwa sungura. Mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba mkono uliopita ulikuwa ule ule.

Namkunda alikuwa na mwili wake na aliusikia. Akamwambia, "Baba Nanzia, hapa shingoni pananivuta." Mbonea akainua uso akamtazama. Alimtazama kwa upendo, maana alimpenda kweli, na hakuona kitu. Akamwambia, "Mama Nanzia, huna kitu," akamfungulia picha ya Jumapili ili amthibitishie. Namkunda aliitazama muda mrefu. Alikwenda kwenye kioo chake kidogo cha ukutani, chenye ufa, akarudi kwenye picha. Picha ilikuwa kubwa zaidi na mwanga wake ulikuwa mzuri zaidi. Tena alitaka kuiamini, na nani katika nyinyi asingetaka? Akapandisha mtandio, akaenda kubandika chungu.

Majirani waliona. Kanisani waliona, kisimani waliona. Lakini kwetu mwili wa mke wa mtu hausemwi mbele yake kabla mume wake hajasema. "Mume yupo," waliambiana, "na ana macho kuliko sisi sote." Kwa hiyo walimsalimia vizuri, wakamwuliza habari za Nanzia, wakamsaidia kubeba ndoo, kisha walipogeuka wakatazamana. Ninalisema hili kwa hasira, maana na sisi tunaoketi hapa ni majirani wa mtu.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha Nanzia alikuja kusalimia. Alikuwa ameona picha za mama yake kila wiki na kila wiki alijibu kwamba mama amependeza. Alishuka njia panda, akaja kwa miguu akiimba, na mama yake akatoka mlangoni kumpokea. Nanzia aliangusha mzigo. Zawadi alizoleta zikamwagika mchangani, na hakuna aliyeziokota. Akapiga kelele hadi watu wa nyumba za pili wakatoka, akamgeukia baba yake akamwuliza, "Baba, wewe unaishi na nani humu ndani?" Mbonea akamtazama mkewe, akamtazama bintiye, tena mkewe. Hakuwa anaficha. Alikuwa anashangaa kwa dhati, na hilo ndilo lililomtisha Nanzia zaidi ya uvimbe wenyewe.

Namkunda hakulia. Sauti yake ilikuwa imekonda kwa sababu ya kile kilichombana koo. Alifungua mtandio, akamsogelea mumewe, akauchukua mkono wake wa kuume, ule wa brashi, akasema, "Shika hapa."

Mbonea akashika. Vidole vyake vilikutana na kitu kigumu, chenye joto, kilichojaza kiganja na kupita. Kilikuwa kinapiga taratibu kama moyo. Akatazama. Aliona shingo ya mkewe, nyembamba, laini, kama siku alipomwoa. Na aliona mkono wake mwenyewe umesimama hewani mbali na shingo ile, umekumbatia mahali patupu. Alifinya, na Namkunda akaguna kwa maumivu. Akaondoa mkono, akaurudisha. Macho yalikataa. Vidole vilisema kipo.

Walimpeleka Namkunda hospitali. Daktari alitaka kujua uvimbe ulianza lini na ulikua kwa kasi gani, maana dawa ingechaguliwa kwa hilo, na Namkunda kwa homa hakuweza tena kueleza. Nanzia akatoa simu akamwonyesha picha za Jumapili zote, moja baada ya nyingine. Daktari alizipitia mpaka mwisho, akamrudishia simu, akasema kwamba hizi ni picha za mtu mwingine. Mbonea alikimbia nyumbani kutafuta zile za mwanzo. Alizitafuta kwenye kompyuta, kwenye kamera, kwenye kila kitu kinachoweza kuhifadhi picha. Hakukuwa na hata moja. Alizifuta mwenyewe, kila moja siku yake. Madaktari wakabahatisha, kama mtu anavyobahatisha kivuko cha mto usiku. Mvua za kwanza ziliponyesha Namkunda alikuwa ameshafariki.

Mnajua desturi yetu ya kuaga. Jeneza liliwekwa uani, upande wa kichwa wazi, na watu wakapita kwa mstari. Wanawake waliompamba walikuwa wamejitahidi, lakini shingo ile hakuna khanga iliyoweza kuificha. Waliopita walifunika midomo. Wengine walishikwa mikono wasianguke. Nanzia alipita akiwa amebebwa. Wa mwisho alikuwa Mbonea, na watu wakasogea kumwachia nafasi, wakijua jinsi alivyompenda, wakijiandaa kumdaka.

Aliinama juu ya jeneza akamtazama mkewe. Alimwona mzuri, amelala, hana doa. Na mbele ya watu wote, akiwa hajui anachofanya, Mbonea alitabasamu.

Hakuna aliyemsemesha mpaka kaburi lilipofukiwa, na wengi hawajamsemesha hadi leo. Mimi sikuja hapa kumhukumu, wala sitawauliza kuhusu kupe na masikio. Nitawauliza jambo moja tu, kisha mwende nalo nyumbani: ni nani chini ya paa lako aliyekwisha kukuambia "shika hapa," nawe ukamfungulia picha?