Mwiko wa Bi Nungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Wale wa pembeni mmelala? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakila chungu kimoja, aliishi nungunungu mmoja, Bi Nungu, mpishi wa shughuli zote za msituni. Miiba yake ilikuwa imeota mvi, lakini mkono wake, jamani! Akipika huimba:

"Koroga, koroga, mkono ungalipo!"

Itikieni!

"Koroga!"

Siku moja Kicheche, kijana msimamizi wa jiko, akampokonya mwiko. "Bibi, umezeeka. Pumzika."

"Sijachoka, mjukuu wangu."

"Pumzika, bibi!"

Bi Nungu akaketi mkekani nyuma ya jiko. Moyo ulimuuma, mikono ikamwasha kwa kukosa kazi.

Nyati akapita. "Bi Nungu yuko wapi?"

Kicheche akajibu kwa madaha, "Bi Nungu amepumzika."

"Uuuwi! Amepumzika!" Nyati akakimbia akilia, akamwambia Twiga, Twiga akamwambia Fisi.

"Kwani amekufa?"

Nani huyo anauliza? Hajafa, watoto! Lakini nyinyi mkisikia bibi wa watu amepumzika, mnaelewaje?

Mara msitu mzima ukaja matangani. Fisi alilia kuliko wote, jicho moja likiwa kwenye chungu. Bi Nungu kule nyuma akasikia vilio, naye akalia, asijue msiba ni wake.

Sasa wageni wale nini? Kicheche, bila kuuliza nani kafa, akabandika pilau. Chini ikaungua, juu mbichi. Bi Nungu akanusa moshi, akaita, "Nipe mwiko wangu!"

"Pumzika, bibi!"

Akabandika nyingine. Ikawa uji. Wageni wakanung'unika, "Laiti marehemu angekuwepo!"

Hapo marehemu akashindwa kuvumilia. Akatokea mbele yao, miiba imesimama wima. Twiga akaanguka puu!

"Nani kafa? Mikono si hii hapa? Mwiko wangu!"

Kicheche akampa kwa mikono miwili. "Nisamehe, bibi. Chungu nitabeba mimi, kuni nitapasua mimi. Wewe koroga."

"Koroga, koroga, mkono ungalipo!"

"Koroga!"

Pilau ikachambuka punje kwa punje. Matanga yakageuka ngoma, Fisi akasahau kulia, na Bi Nungu akabebwa juu juu, mwiko mkononi. Hakuuweka chini mpaka siku aliyoamua mwenyewe.

Basi wanangu, mzee anayeipenda kazi yake msimpumzishe. Mpokeeni mzigo, mwachieni mwiko. Hadithi yangu imeishia hapo, na ukoko nimewaachia nyinyi.