Kiboko Aliyepanda Upare Kupumzika

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa chungu mekoni, kinachemka taratibu.
Na walaji je?
Tumeshanawa, twakungoja.

Basi, hapo kale alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo wa miambani, na mkewe akiitwa Nakijwa. Masika yote Nakijwa aliumwa. Homa ilipomwacha, hamu ya chakula haikurudi. Akipewa uji, anasukuma. Akipewa ndizi, anasukuma. Pimbi akaingiwa na hofu, maana mkewe alikuwa amebaki manyoya na macho.

Siku moja Nakijwa akasema, "Ningepata makande ya Mama Kanga, labda ningekula."

Mama Kanga alikuwa na hoteli ndogo juu ya milima ya Upare, vyumba vitatu na jiko la kuni. Wageni walipanda huko kupumzika siku mbili tatu na kula vyakula vya kulekule: makande ya mahindi na maharage yaliyokaa motoni tangu alfajiri, magimbi, mboga ya mnavu, maziwa mgando. Pimbi akamshika mkewe mkono, wakapanda pole pole, wakae siku mbili.

Kumbe siku hiyohiyo Kiboko naye alikuwa amepanda kutoka mtoni, kubadili hewa.

Mchana yakaletwa makande kwenye meza moja ya wageni wote. Kiboko akafungua kinywa. Hamu! Makande hayapo. Pimbi akatazama sahani. Nakijwa akatazama sahani. Sahani tupu.

Kiboko akaenda kujilaza. Kitanda kikalia kwaa! Kikavunjika miguu yote minne.

Jioni yakaletwa magimbi na mnavu. Kiboko akafungua kinywa. Hamu! Magimbi hayapo. Pimbi akatazama sahani. Nakijwa akatazama sahani. Sahani tupu.

Asubuhi ukaletwa uji wa maziwa. Kiboko akafungua kinywa. Hamu! Uji haupo. Safari hii Nakijwa hakutazama sahani. Alirudi chumbani akalala, uso ukutani.

Mama Kanga akamfuata Pimbi uani kumwomba radhi. Alisema angemfukuza yule mgeni tangu jana, ila ametishiwa kwamba akimnyima chakula atalikalia jiko. Mchana atapika makande tena, lakini yataliwa na nani, hajui. Kwa sasa amemwita fundi Kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti, aje kutengeneza kitanda kipya. Pimbi akauliza fundi atafika lini. Akaambiwa yuko njiani.

Pimbi akaenda barazani, Kiboko alikokuwa akiota jua, akaketi kando yake.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba."

"Hapa wanakulisha vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na Mama Kanga hakukatazi?"

"Hathubutu."

"Bwana mkubwa, umewahi kumwona mtu akimnenepesha mwenzake bure?"

Kiboko akaacha kujilamba midomo. Pimbi akageukia uani, lilikokuwa pipa kubwa la kuchemshia wageni maji ya kuoga. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, pipa kubwa namna ile lingemtosha nani. Kiboko naye akalitazama. Moto ulikuwa ukiwaka chini yake, maji yanatokota, toko toko, toko toko.

Mara akatokea fundi Kigong'ota, kamba begani, msumeno kwapani. Akasalimu kwa adabu, kisha akasema, "Bwana, naomba ulale hapo chini nikupime."

Mama Kanga akaita kutoka jikoni, "Fundi, ukishapima niambie tukate vipande vingapi. Na kama msumeno ni butu, shoka lipo."

Alikuwa akizungumzia mbao. Lakini Kiboko hakungoja kuelezwa. Akainuka, akauvunja ukingo wa baraza kwa kifua, akashika mteremko. Gubu, gubu, gubu! Migomba ikalala huku na huku, gubu, gubu, gubu, mpaka mtoni, chubwi! Hata leo ukipita mtoni utamkuta ametoa macho na pua tu, anachungulia kama fundi amefika.

Mchana yakaletwa makande, yamelainika, maziwa mgando pembeni. Pimbi hakugusa yake. Alimtazama mkewe. Nakijwa akachota kijiko kimoja, akatulia. Akachota cha pili. Kisha hakutulia tena, kijiko kikaenda na kurudi, kikaenda na kurudi, mpaka kikaanza kukwangua sahani.

"Yamebaki?" Nakijwa akauliza.

Pimbi akageuka kuitazama milima, akajifuta uso, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu masika. Mama Kanga alikuwa ameshaleta chungu kizima, akakiweka mezani. Wakala watatu, fundi akawa wa nne.

Sasa fundisho, watoto. Wakati wa chakula hakuna maswali. Pimbi alimuuliza Kiboko maswali manne tu, na mgeni wa watu akashinda njaa. Kwa hiyo ninyi mkiwa mezani, nyamazeni, na mkubwa akifungua kinywa, mpisheni.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani kidogo. Ikiwa imeungua, nirudishieni na sufuria yangu.