Kiapo cha Mpiga Baragumu

Imesimuliwa na waliosikia kwa waliosikia, na chumvi haijaongezwa hata punje, kwamba zamani palikuwa na mja mwema akiitwa Maftaha, mpiga baragumu wa Sultani Mudathiri. Baragumu lake likilia, kuku wa miji saba wanataga kwa mkupuo, na viziwi wanaulizana, "Nani huyo?" Mji haukujua jambo mpaka Maftaha alitangaze. Na Subhana-Llah, hata Sultani mwenyewe hakujua! Alikuwa mtu laini kama uji wa mgonjwa. Kila asubuhi anakaa dirishani, anasikiliza baragumu ili ajue yeye ameamua nini.

Aliyeyapika maneno ni Waziri Ghalibu. Upepo ukigeuka leo, yeye keshageuka tangu juzi.

Na ilikuwa ada kila tangazo lifunguliwe kwa kiapo: "Wallahi, nimeyasikia kwa Sultani kwa masikio yangu." Miaka tisa Maftaha aliapa hivyo, na maneno kayatoa kwa Waziri. Alijipa moyo kwamba ni mambo madogo tu, siku ya kufagia soko, mwezi wa kupaka nyumba chokaa.

Siku moja Waziri akamwita. "Tangaza kwamba wafinyanzi wametia sumu kisima cha mtaani kwao, mji mzima unakoteka, wauue mji. Sultani ameamua wafukuzwe kabla ya adhuhuri." Na mtaa wa wafinyanzi Waziri alikuwa ameutolea macho ya tamaa siku nyingi.

"Sultani amesema?"

"Atasema akikusikia."

Maftaha akarudi nyumbani mbio. Akamwambia mkewe, Bi Salhina, "Nisiposema, kichwa changu kitatundikwa langoni."

"Na ukisema, Baba Hawaa, vitatundikwa vingapi?"

Maftaha akachukua baragumu lake. Akaenda.

Sokoni watu kama mchanga, na wengine walishashika marungu kabla hata ya kuambiwa kosa ni la nani. Maftaha akapuliza. "Wallahi..." Ulimi ukakauka kama dagaa. Akamtaja Mola wake moyoni, kisha akasema, "Wallahi, nimeyasikia kwa Waziri Ghalibu, si kwa Sultani, kwamba wafinyanzi wametia sumu kisimani. Kama ni kweli, sijui. Na miaka tisa nimewaapia uongo. Nisameheni."



"Kanunuliwa huyo!" Waziri akapiga kelele. "Basi ayanywe hayo maji!"

"Anywe!" watu wakaitika.

Sultani akachungulia dirishani kwake, juu ya soko. "Eti... anywe."

Mama mmoja mfinyanzi akaenda kisimani, akateka maji kwa kata, akamletea. Akamnong'oneza, "Baba, sisi tulikunywa alfajiri. Lakini tangu jua lichomoze, walinzi wa Waziri wamesimama pale kisimani peke yao. Sijui wamefanya nini."

Maftaha akaitazama kata ile. Moyo ulipiga hata kilemba kikaruka. Akasema, "Bismillahi," akanywa yote.

Wakangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko Ramadhani tatu za kaskazi. Jasho likamchuruzika, tumbo likanguruma, watu wakarudi nyuma. Mara akacheua. "Alhamdulillahi," akasema.

Marungu yakashushwa. Waziri akadakia, "Si niliwaambia maji safi? Nilikuwa nampima tu!"

Sultani akaita, "Maftaha, haya, tangaza nimeamua nini."

"Maulana, sijasikia neno kutoka kwako. Nikisikia, nitaapa."

Mji mzima ukainua macho dirishani. Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama makubadhi yake miguuni. Ikawa mara ya kwanza tangu atawazwe kusema la kwake, kwa sauti ya kifaranga: "Wafinyanzi wakae."

Waziri hakuguswa. Maftaha ndiye aliyenyang'anywa baragumu kabla ya alasiri, akaishia kukanda udongo na wafinyanzi mpaka Mola alipomchukua.

Ndugu zangu, uongo wa mtu wa kawaida hutembea kwa miguu yake, lakini uongo wa anayesikilizwa na mji hubebwa na mji mzima, na marungu juu. Mola atuepushe na mtawala anayengoja kuambiwa amesema nini, na atujaalie ulimi wa kusema "sijui" hata tukiogopa. Amin.