Wifi wa Mlangoni

Kulikuwa na mama mmoja mjane, wapendwa, aliyekuwa akimwoza binti yake wa pekee. Wakwe walikuwa watu wa maneno. Harusi ya kijana wao mkubwa walikuwa bado wanaisimulia, na si kwa wema. Mama huyu hakuomba makubwa kwa Mungu. Aliomba pilau isimwaibishe.

Mnajua jiko la shughuli lilivyo. Sufuria ziko uani, wenye amri wako ndani. Mama mkubwa anaonja, anamtuma binti mmoja wa nyumbani: "Kawaambie waongeze chumvi." Mama mdogo naye anaonja, anamtuma wake: "Chumvi bado." Wapishi hawaulizi. Wakiambiwa tia, wanatia. Nani hapa hajawahi kutuma amri kwenye jiko la mwenzake? Msinitazame hivyo.

Sasa, mlangoni, kati ya ndani na uani, aliketi wifi yake yule mama mjane, juu ya kigoda. Hamenyi kitunguu, hachambui mchele. Kazi yake ni kumshika mkono binti anayepita.

"Umetumwa nini?"

"Chumvi, shangazi."

"Ilishakwenda. Kaa hapa unipepee."

Na amri inaishia hapo.

Mama alimtazama akachemka. "Wifi, wenzio migongo inawakatika, wewe umekaa kama bibi harusi. Nenda basi hata ukapange viti."

"Mlango nimwachie nani?"

"Mlango una bawaba zake, wifi."

Wifi akajifunga kanga, akaenda kwenye viti.

Amri zikapita zote. Chumvi ya mama mkubwa, chumvi ya mama mdogo, chumvi ya jirani ambaye hata hakualikwa. Maji yakaongezwa, kuni zikachochewa. Mama alipofunua sufuria ya kwanza alikuta uji wa bizari. Akaegemea ukuta. Sufuria ya pili ndiyo kwanza ilikuwa inatiwa mchele, na mabinti walikuwa wanaikimbilia, kila mmoja na chumvi yake mdomoni.

Hakuwagombeza wapishi. Alitimua mbio mpaka kwenye viti. "Wifi, rudi mlangoni. Nakuomba."

"Si una bawaba zake?" akasema wifi, lakini alikuwa ameshainuka.

Wakwe wakala sufuria ya pili, wakaomba na ukoko. Mama na ndugu zake wakala ule uji nyuma ya nyumba, maji yakisaidia, na mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hajapata kula chakula kibaya kwa raha namna ile.

Jiko hilo, wapendwa, kila mmoja wenu amekuja nalo hapa. Ndani ya seli zako jeni zinatuma wajumbe mchana na usiku: jenga hiki, ongeza kile. Na kuna vipande vidogo mno, wataalamu wanaviita maikroRNA, ambavyo havijengi kitu. Vinamshika mjumbe mkono. Kwa muda mrefu hata wataalamu hawakuviona. Vikipungua, amri ya "ongezeka" hupita bila wa kuizuia, na baadhi ya saratani hupata njia hapo. Vikizidi navyo, humshika hata mjumbe aliyebeba amri ya kutuliza, na ugonjwa ukaja kwa mlango huo huo. Tangu uketi hapo, umeambiwa "basi" ndani yako mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Ndiyo maana bado umeketi.

Nasi je? Sisi tunampigia makofi aliyeleta, aliyejenga, aliyeongeza. Anayezuia tunamwona mvivu, tunampeleka kwenye viti. Lakini wiki hii kuna neno lilitoka kinywani mwa mtu likija nyumbani kwako. Lingekuvunjia ndoa, au udugu. Halikufika. Wewe umelala vizuri, ukadhani huna maadui.

Kuna mtu alilishika mkono mlangoni. Hutamjua, na yeye hatakuambia. Basi leo ukitoka hapa, ukikuta neno linapita kwako kwenda kwa mwenzako, usiulize kigoda ni cha nani. Kaa.