Sampuli ya Mzee Shebughe

Mzee Shebughe, mwenye ukumbi wa harusi kule Tanga, hakuwahi kumlipa mtu kwa kusafisha zulia lake. Kila fundi aliyekuja kuomba kazi aliambiwa, "Nionyeshe sampuli kwanza." Fundi alisugua kipande bure, kisha akaambiwa, "Tutakupigia simu." Hivyo, kipande kwa kipande, zulia lote lilitakata bila senti kumtoka.

Lilipochafuka tena, akaja Sikujua na mashine yake ya kusafishia.

"Nionyeshe sampuli kwanza," Mzee akamwambia.

"Bila shaka, mzee wangu. Nijichagulie mahali?"

"Popote, mwanangu. Tena usione haya, iwe kubwa."

"Basi nitaifanya ionekane tangu mlangoni."

Mzee akaenda kula chakula cha mchana huku akichekelea. Aliporudi, aliwakuta wapambaji wa harusi ya jioni wamesimama mlangoni, wameziba midomo kwa mitandio. Katikati ya zulia lililofubaa, kwa herufi zilizotakata, kila moja ndefu kuliko mtu, palisomeka: HAPA NI SAFI.

"Futa!" Mzee akafoka.

"Kwani nimeandika uwongo?"

"Futa, nasema! Mama wa bibi harusi yuko njiani!"

"Usafi haufutiki, mzee wangu, labda nisafishe na kwingine kote."

"Safisha basi!"

Sikujua akaanza kukunja waya wa mashine, taratibu.

"Nitasafisha. Ila nionyeshe sampuli ya malipo kwanza. Tena usione haya, iwe kubwa."